Daigo Umehara: Miaka Isiyoonekana Kwenye Ile Video

Ukitaja gemu za mapigano mbele ya watu wasiozicheza, kuna video moja tu ambayo wengi wao wamewahi kuiona. Ni ya mwaka 2004. Picha yake ina ukungu, sauti inakwaruza, na katikati ya kelele mhusika Ken aliyebakiwa na damu, yaani uhai wake kwenye gemu, kama uzi anapangua mateke ya mhusika Chun-Li moja baada ya jingine, kisha anamgeuzia kibao na kummaliza. Ukumbi wote unasimama. Aliyeshika fimbo ya kuchezea upande wa Ken ni Mjapani Daigo Umehara, na tangu siku ile jina lake limefungwa kwenye sekunde zile chache.

Naipenda ile video, na kila nikiitazama bado nywele zinanisimama. Ila heshima yangu kwa Daigo inatokana na mambo ambayo hayamo ndani yake: miaka aliyoziacha gemu kabisa, namna alivyorudi, na hii miaka mingi ya karibuni ambayo hajabeba taji kubwa kabisa lakini bado anakaa kwenye kiti kutafuta kitu ambacho jana hakukijua. Maisha yake ya ushindani yamevuka robo karne. Katika mchezo unaohesabu muda kwa fremu, yaani sehemu moja ya 60 ya sekunde, hilo si jambo dogo.

Alizaliwa Aomori, kaskazini mwa Japani, Mei 1981. Gemu ya mapigano ya Street Fighter II ilipotoka mwaka 1991 alikuwa mtoto wa karibu miaka 10, umri ule ule wa kunaswa. Na hapa inafaa kueleza kumbi za gemu za Japani zilivyokuwa, kwa sababu bila kuzielewa huwezi kumwelewa mchezaji huyu. Mashine mbili huwekwa zikipeana mgongo. Wewe uko huku, mpinzani yuko kule, humwoni uso wala mikono. Unatumbukiza sarafu ya yen 100 na pambano linaanza. Ukishinda, unaendelea kucheza bure na anayefuata ndiye anayelipa. Ukishindwa, unanyanyuka au unatoa sarafu nyingine.

Fikiria mtoto mwenye sarafu chache mfukoni anavyofundishwa na utaratibu huo. Kila kosa la kizembe linamgharimu. Wanaompiga ni watu wazima wenye hela za kutosha kurudi tena na tena, kwa hiyo kama anataka kukaa kwenye kiti hana budi kushinda, kushinda tena, na kushinda hata dhidi ya yule ambaye sasa hivi amejifunza mbinu yake. Na kwa kuwa mpinzani haonekani, kinachobaki ni kumsoma kupitia mhusika wake tu. Anasogea lini? Anarudi nyuma akiogopa nini? Akipigwa mara moja anakuwa na haraka au anatulia? Hofu ya mtu inaonekana kwenye miguu ya mhusika wake, tuseme Ryu, kama ambavyo ingeonekana usoni. Wachezaji wa kizazi kile walikomaa wakisoma watu namna hiyo, na Daigo aliifikisha kazi hiyo mbali hadi Wajapani wakaipa ngumi yake ya kupaa, ile shoryuken, jina lililotokana na jina lake: Ume-shoryu. Ni shoryuken inayotoka mahali ambapo mtu mwenye akili timamu asingeithubutu, na inampata mpinzani akiwa ndiyo kwanza ameamua kusogeza mkono. Ukiitazama kwa mara ya kwanza unasema ni bahati. Baada ya pambano la tano au la sita unaacha kusema hivyo.

Mwaka 1998, akiwa na miaka 17, alichukua ubingwa wa Japani wa Street Fighter Zero 3, akapelekwa San Francisco kukutana na bingwa wa Marekani, Alex Valle. Akamshinda. Wakati huo hapakuwa na video za moja kwa moja wala mishahara ya wachezaji. Sifa ilisafiri kwa mdomo.

Sasa turudi Pomona, California, kwenye Evo, mashindano makubwa ya gemu za mapigano, ya mwaka 2004, kwa sababu watu wengi wanaiona ile video bila kujua wanatazama nini. Gemu ni Street Fighter III: 3rd Strike. Ni fainali ya upande wa walioshindwa mara moja, yaani anayepoteza anafunga virago na anayeshinda anaingia fainali kuu. Justin Wong wa New York anamcheza Chun-Li. Anaongoza kwa damu na saa inakimbia upande wake, kwa hiyo anatulia, anarudi nyuma, anangoja. Daigo ana damu kidogo sana kiasi kwamba shambulizi lolote maalumu litamuua hata akilikinga, maana katika gemu hii pigo la aina hiyo linakumega damu kidogo hata ukijikinga barabara. Justin anajua. Ana supa yake, yaani pigo lake kubwa kuliko yote, tayari: mfululizo wa mateke 15 ambao ni vigumu sana kuukwepa ukiwa karibu. Kwa hesabu ya kawaida, pambano limeisha.

Njia iliyobaki ni kupangua. Kujikinga kwa kawaida ni kuvuta fimbo nyuma, mbali na adui. Kupangua ni kusukuma fimbo mbele, kumwelekea, kwenye fremu chache kabla pigo halijatua. Ukifaulu, humegwi damu hata chembe. Ukichelewa kidogo, umepigwa pigo zima. Na kila pigo lina mpanguo wake, kwa hiyo mateke 15 yanadai misukumo 15, kila mmoja kwa mdundo wake, na mdundo wenyewe si wa kasi moja mwanzo hadi mwisho. Gumu kuliko yote ni teke la kwanza. Supa inapowaka na skrini kusimama, umeshachelewa. Lazima uwe umeshasukuma fimbo kabla hujaona chochote. Kwa maneno mengine Daigo hakuiona supa ndipo akaipangua. Aliijua inakuja.

Hapo ndipo ninapoona kazi ya miaka ya kumbi zile. Chun-Li na supa yake ile walikuwa miongoni mwa silaha kali kuliko zote kwenye 3rd Strike, na kule Japani wachezaji makini walishaufanyia mazoezi mdundo wa mateke yake. Vidole vya Daigo viliujua wimbo tayari. Kilichohitajika siku ile ni kumjua mtu aliyekaa kando yake: Justin ana subira kiasi gani, na subira hiyo itamwishia sekunde gani. Tazama tena zile sekunde kabla ya mlipuko. Ken anasogea kidogo, anarudi, anasogea tena, anajiweka umbali ambao supa ile inakuwa kishawishi. Anamwalika. Justin anaitikia, na Daigo anapangua mateke ya chini yote, anaruka, anapangua la mwisho akiwa hewani, anashuka na teke, anaunganisha kombo, yaani mapigo yanayofuatana bila mwanya, na kufunga kwa supa yake. Angeweza kupangua yote 15 akiwa ardhini na kumjibu pigo dogo. Kuruka kulimpa nafasi ya kutoa madhara makubwa zaidi, ya kutosha kumaliza raundi. Mtu mwenye damu kama uzi alikuwa bado anapiga hesabu ya kiasi cha damu ya mwenzake.

Halafu akapoteza fainali. Aliyechukua ubingwa wa 3rd Strike mwaka ule ni Kenji Obata, Mjapani mwenzake aliyemtumia mhusika Yun. Klipu iliyotazamwa na mamilioni ya watu ni ya mshindi wa pili.

Kuhusu Justin Wong nina neno, maana dunia imemtendea kama pambo la ushujaa wa mwenzake. Wikendi ile ile alikuwa bingwa wa Marvel vs. Capcom 2, gemu aliyoitawala kwa miaka, na miaka 10 baadaye, mwaka 2014, akachukua tena ubingwa wa Evo kwenye Ultimate Marvel vs. Capcom 3. Orodha yake ya mataji ya Evo ni ndefu kuliko ya wachezaji karibu wote waliowahi kukanyaga jukwaa lile. Ameishi na video ile kwa moyo mkunjufu, akacheza na Daigo tena na tena mbele ya watu, na hajawahi kuikimbia. Anayetaka kujua ukongwe katika mchezo huu ni nini awatazame wote wawili.

Baada ya kipindi hicho Daigo aliziacha gemu. Wanaomjua kwa ile video hushangaa wakisikia hili: mtu aliyekuwa mkali kuliko karibu kila mtu duniani alifika katikati ya miaka ya ishirini hana kazi inayotambulika. Mashindano yalikuwepo, ila hapakuwa na mtu wa kukulipa mshahara kwa kucheza Street Fighter, na kumbi zilizomlea zilikuwa zimeanza kupungua. Akahamia kwenye mahjong, mchezo wa vigae wa mezani, akaicheza kwa miaka kadhaa kwa bidii ile ile, akafika kiwango cha juu, kisha akaiacha nayo. Ndipo akaingia kufanya kazi kwenye kituo cha kutunza wazee.

Kipindi hiki hunivuta kuliko taji lolote. Kumhudumia mzee ni kazi isiyo na mshindi. Hakuna wa kumsoma ili umpige. Unamsoma ili ujue anaumwa wapi, anaogopa nini, leo ana hamu ya kuzungumza au anataka kuachwa. Daigo mwenyewe amesimulia kwamba kazi ile ilimpa utulivu, kwamba kukaa mbali na ushindani kulimpumzisha baada ya maisha ya kupambana tangu utotoni. Naamini kwamba mchezaji aliyerudi baadaye hakuwa yule wa 2004 aliyeongezewa kasi. Alikuwa mtu aliyeshaonja maisha bila gemu akaona yanaishika, na mtu wa namna hiyo hachezi kwa hofu.

Mwaka 2008 Street Fighter IV ilitua kwenye kumbi za Japani. Rafiki akamshawishi waende. Akakaa, akashinda, akaendelea kushinda. Mwaka uliofuata akaenda Las Vegas kwenye Evo na kwenye fainali akamkuta nani? Justin Wong. Justin alitoka upande wa walioshindwa, akamtoa Daigo jasho hadi wakalazimika kuanza hesabu upya, na Ryu wa Daigo akaimaliza. Mwaka 2010 akatetea ubingwa, safari hii kwenye Super Street Fighter IV. Mwaka huo huo kampuni ya vifaa vya gemu ya Mad Catz ikamdhamini, akawa mchezaji wa kwanza wa kulipwa Japani, na Guinness wakamtambua kama mchezaji mwenye mafanikio zaidi kwenye mashindano makubwa ya Street Fighter. Kazi ambayo miaka michache nyuma haikuwepo ilizaliwa akiwa mstari wa mbele, ana miaka 29.

Angeweza kutundika daluga pale, akiwa na kila kitu. Badala yake akajitwisha mazoezi ya kupita kiasi, saa juu ya saa, akaamini kwamba mtu wa kulipwa lazima ajichoshe kuliko wote. Mwili ukakataa. Akachoka vibaya na mchezo wake haukupanda kwa kiasi cha jasho lililomwagika. Ndipo akabadilisha utaratibu: akapunguza saa, akafanya kiasi anachoweza kukibeba kila siku bila kukatiza, na akaacha kulifanya taji kuwa shabaha. Kwa maelezo yake, mashindano ni mahali pa kuonyesha ulichojifunza, na shabaha yenyewe ni kukua kidogo kila siku, hata kama ukuaji wa leo ni kugundua tu kwamba teke fulani linafika mbali zaidi ya ulivyodhani. Anayelifanya taji kuwa shabaha anaporomoka akishashinda na anaporomoka akishindwa.

Maneno kama hayo husemwa na wanamichezo wengi, na ningeyapita haraka kama Daigo asingeyaishi mbele ya macho yetu. Tangu 2010 hajachukua tena ubingwa wa Evo. Capcom Cup, mashindano ya kampuni inayotengeneza Street Fighter, hajaibeba hata mara moja. Alipoikaribia zaidi ilikuwa Desemba 2015 huko San Francisco, kwenye mashindano makubwa ya mwisho ya Street Fighter IV, akiwa na Evil Ryu. Akafika fainali na kushindwa na Kazunoko. Zawadi ya mshindi wa pili ilikuwa dola 60,000. Akatangaza kwamba anazitoa zote kwa kituo cha masomo ya gemu cha Chuo Kikuu cha New York, zisaidie wanafunzi kusoma. Huyu ni mtu aliyewahi kutafuta riziki kwenye kituo cha wazee kwa sababu gemu haikulipa. Anajua thamani ya dola 60,000.

Swali ambalo wakongwe wote huulizwa ni la umri. Mikono inazidi kuwa mizito, hilo halina mjadala, na kijana wa miaka 18 anaona kitu na kukijibu mapema kuliko mtu wa 36. Ila nadhani watu wanaukuza sana umuhimu wa kasi ya mkono. Sehemu kubwa ya Street Fighter ni kugombania nafasi: kusimama hatua moja nje ya teke la adui, kumfanya alirushe likose, na kumwadhibu mguu ukiwa bado hewani. Kwa macho ya mgeni pale hakuna kinachoendelea, wahusika wawili wanayumba tu mbele na nyuma. Kumbe kila hatua ni swali, na mkongwe amewahi kuulizwa maswali mengi zaidi.

Ushahidi wangu ni Machi 2018, Tokyo, kwenye Kemonomichi, tukio ambalo Daigo mwenyewe aliliandaa ili wachezaji wakutane ana kwa ana, wa kwanza kushinda mapambano 10 ndiye mshindi. Mpinzani wake alikuwa Tokido, msomi wa Chuo Kikuu cha Tokyo, bingwa wa Evo ya 2017 kwenye Street Fighter V, aliyekuwa kwenye kilele cha ubora wake. Mashindano ya kawaida huamuliwa kwa mapambano mawili au matatu, na humo mbinu moja ya kushtukiza inaweza kukuvusha. Kwenye 10 haiwezi. Ukiwa na ujanja mmoja, utasomwa kufikia la tatu, na baada ya hapo unabaki na kile unachokielewa kweli.

Daigo alikuwa na Guile, mhusika aliyehamia kwake mwaka 2017 baada ya kumwacha Ryu aliyemtambulisha kwa dunia nzima. Tokido alikuwa na Akuma. Kinachonigusa ni namna Guile yule alivyoishi ndani ya kichwa cha Tokido. Guile hurusha wimbi lake, pigo linalosafiri hadi kwa mpinzani, baada ya kushikilia fimbo nyuma kwa muda, na mpinzani hawezi kuona kwa uhakika kama muda huo umetimia. Kwa hiyo Daigo anaweza kukaa kimya, asirushe chochote, na ule ukimya ukafanya kazi ya wimbi. Mpinzani anasubiri kitu kisichokuja, anachoka kusubiri, anaruka, na teke linamkuta juu. Jambo lile lile la subira ya Justin mwaka 2004, sasa kwa mhusika mwingine, kwenye gemu nyingine, na kwa mtu aliyesomea kila dakika ya Daigo iliyowahi kurekodiwa.

Ikaisha 10 kwa 5. Tokido, bingwa wa dunia, akalia jukwaani mbele ya watu. Sikuona aibu pale. Alikuwa amemwaga kila alichokuwa nacho dhidi ya mtu aliyekua akimtazama kama kilele, na kilele hakikusogea.

Tangu hapo mambo yamezidi kupanuka. Street Fighter 6 ilitoka Juni 2023, na mshindi wa Capcom Cup iliyofuata, UMA wa Taiwan, aliondoka na dola 1,000,000, fedha ambayo kwenye kumbi za yen 100 hakuna aliyeithubutu hata kwa ndoto. Daigo akarudi kwa Ken, yule yule wa Pomona, akaanza kujifunza gemu mpya akiwa ameshavuka miaka 40 pamoja na vijana ambao wengine hawakuwa wamezaliwa video ile iliporekodiwa. Kuna siku anapigwa nao, tena vibaya. Anacheza Japani kwenye ligi ya timu, anarusha mazoezi yake hewani watu wayaone, na akishindwa anaanza pale pale kuchambua kwa sauti nini kilitokea, kwa umakini wa mtu anayetaka kweli kujua.

Kama umewahi kumwona Daigo kwenye video ya 2004 tu, nakuomba utafute pambano lake na Tokido na ulitazame lote, kuanzia la kwanza hadi la 15. Usiangalie kombo. Mwangalie Guile anapokuwa hafanyi kitu, hesabu ni mara ngapi Akuma anarudi hatua moja bila kurushiwa chochote, kisha nenda katazame tena zile sekunde kabla Chun-Li hajaachia supa.